Sarafu za Tabora

Sarafu za Tabora ni sarafu za dharura zilizotengenezwa mjini Tabora mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na serikali ya koloni la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Ziko za aina tatu: hela 5 ya shaba njano, hela 20 ya shaba nyekundu au shaba njano, na rupia 15 ya dhahabu. Zote zina herufi T, alama ya mji zilikotengenezwa.

Sarafu hizi bado huonekana Tabora na katika vijiji vya njia ya zamani ya misafara. Nyingine hutokea watu wanapochimba msingi wa nyumba au kulima, na nyingine zimehifadhiwa katika masanduku ya familia. Hutafutwa na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani na huuzwa minadani. Sarafu mbili zinazofanana kwa jina na mwaka zinaweza kupishana sana kwa bei, kwa sababu bei hutegemea aina ya sarafu na hali ya uso wake. Makala hii inaeleza asili ya sarafu hizo, namna ya kuzipanga kwa madaraja, na jinsi thamani yake inavyopatikana mnadani.

Fedha katika njia ya misafara

Tabora ilikua katika karne ya 19 kama kituo kikuu cha misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji na kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Eneo hilo lilijulikana pia kwa majina ya Kaze na Unyanyembe. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba pembe za ndovu kwenda pwani na kurudi na bidhaa.

Kwa muda mrefu malipo ya njiani hayakufanywa kwa sarafu. Yalifanywa kwa nguo, shanga na nyaya za shaba. Nguo iliyopendwa sana ni merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi kilichopata jina hilo kwa sababu kililetwa na wafanyabiashara kutoka Marekani. Kaniki, kitambaa cheusi au cha buluu iliyokoza, ilitumika pia. Huko pwani zilitumika sarafu za fedha za Maria Theresa, rupia za Uhindi na sarafu ndogo za shaba. Mwaka 1882 Sultani Sayyid Barghash wa Zanzibar alitoa sarafu zake za shaba zenye picha ya mizani.

Kabla ya hapo pwani iliwahi kuwa na sarafu zake yenyewe. Masultani wa Kilwa walitoa sarafu za shaba karne nyingi kabla ya Wareno kufika.

Mwaka 1890 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki ilianza kutoa pesa za shaba na rupia za fedha. Pesa hiyo ilikuwa na tai wa Ujerumani upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili. Pesa 64 zilifanya rupia moja. Kuanzia mwaka 1904 serikali ya koloni ilitoa sarafu mpya zilizofuata hesabu ya mia: rupia moja ilikuwa na Heller 100, na rupia 15 zililingana na Mark 20 za Ujerumani. Sarafu hizo ziligongwa Berlin na Hamburg, nazo zina herufi A kwa Berlin au J kwa Hamburg.

Historia hiyo imebaki katika lugha. Neno "pesa" limetokana na paisa ya Kihindi, na neno "hela" limetokana na Heller ya Kijerumani. Kwa hiyo mtu anayesema leo kwamba hana hela anaitaja sarafu ambayo imeacha kutumika tangu miaka mingi iliyopita.

Vita na karakana ya Tabora

Vita vilipoanza mwaka 1914, meli za kivita za Uingereza zilifunga pwani na sarafu mpya kutoka Ujerumani zikaacha kufika. Askari, wapagazi na wakulima waliouza chakula kwa jeshi walihitaji kulipwa, na watu wengi waliificha fedha halisi nyumbani. Benki ya koloni ilichapa noti za dharura kuanzia mwaka 1915, lakini noti hizo hazikuaminiwa kama sarafu.

Reli ya Kati ilikuwa imefika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kwa hiyo Tabora ilikuwa na karakana ya reli yenye mashine na mafundi, na ilikuwa mbali na bahari. Adui alipoikaribia pwani, shughuli nyingi za serikali zilihamishiwa bara. Katika karakana hiyo ndipo sarafu za mwaka 1916 zilipogongwa. Shaba ilitoka katika vyuma chakavu na maganda ya risasi na makombora. Dhahabu ilitoka katika mgodi wa Sekenke, ambao leo uko katika Mkoa wa Singida.

Kazi hiyo haikudumu. Tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo, likiongozwa na Jenerali Charles Tombeur, liliingia Tabora. Baada ya vita Tanganyika ilikuwa chini ya Uingereza, na kuanzia mwaka 1921 shilingi ya Afrika ya Mashariki ilichukua nafasi ya rupia.

Aina za sarafu

Hela 5. Ni ya shaba njano, yaani aloi ya shaba na zinki. Upande mmoja una taji, mwaka 1916 na herufi D.O.A., kifupi cha jina la koloni kwa Kijerumani. Upande wa pili una thamani ya sarafu. Wakusanyaji hutofautisha zenye taji lenye kitako bapa na zenye taji lenye kitako cha mviringo. Zipo pia zilizogongwa katika visahani vinene na nyingine katika visahani vyembamba.

Hela 20. Ni sarafu kubwa yenye kipenyo cha milimita 29 hivi, na picha zake zinafanana na za hela 5. Ziko za shaba nyekundu na za shaba njano. Hizi ndizo zinazoonekana zaidi kati ya sarafu za Tabora. Taji lina maumbo mawili, kubwa na dogo. Katika neno HELLER, ncha za herufi L hutofautiana: nyingine zimechongoka, nyingine zimejikunja, na katika nyingine ni L ya pili tu iliyojikunja. Tofauti hizi zilitokana na mihuri mbalimbali ya kugongea iliyochongwa kwa mkono. Muungano wa taji fulani, L fulani na madini fulani unaweza kuwa wa kawaida au adimu.

Rupia 15. Ni ya dhahabu, na kipenyo chake ni milimita 22 hivi. Upande mmoja una tai wa Ujerumani. Upande wa pili una tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Uzito wake ni gramu 7.168, na dhahabu safi ni sehemu 750 kwa 1000. Kwa hiyo kila sarafu ina gramu 5.376 za dhahabu safi. Ziligongwa sarafu 16,198. Ziko za aina mbili, zinazotambuliwa kwa mahali nakshi ya upande wa kulia inapoishia chini ya neno OSTAFRIKA: chini ya herufi T au chini ya herufi A.

Mizani ya madaraja ilikotoka

Mizani inayotumiwa zaidi duniani leo kupima hali ya sarafu ilianzia katika senti za shaba za Marekani. Kiwanda cha sarafu cha Philadelphia kilianza kutoa senti kubwa za shaba mwaka 1793 na kiliendelea kuzitoa hadi mwaka 1857. Katika miaka ya mwanzo mihuri ilichongwa kwa mkono, mashine ya kugongea ilizungushwa kwa nguvu za watu, na shaba nzuri ilikuwa adimu. Kwa sababu hiyo senti hizo zina tofauti nyingi ndogo ndogo, kama sarafu za Tabora zilizokuja zaidi ya miaka mia moja baadaye.

Mwaka 1949 mtaalamu wa saikolojia na mkusanyaji wa senti, William H. Sheldon, alitoa kitabu juu ya senti za miaka ya 1793 hadi 1814. Humo aliipa kila aina ya muhuri namba yake. Alipendekeza pia mizani ya hali ya sarafu kuanzia 1 hadi 70. Mwanzoni namba hizo zilikusudiwa kuonyesha bei. Kama aina fulani ina thamani ya msingi ya dola 2, basi sarafu ya daraja la 20 ingeuzwa dola 40, na ya daraja la 60 dola 120.

Hesabu hiyo ya bei haikudumu, kwa sababu soko lilianza kulipa zaidi sana kwa sarafu safi kuliko kwa zilizochakaa. Lakini namba zenyewe zilibaki. Katika miaka ya 1970 zilianza kutumiwa kwa sarafu zote za Marekani. Katika miaka ya 1980 yakaanzishwa makampuni ya PCGS na NGC, ambayo huchunguza sarafu kwa malipo, hutoa daraja, na kuifungia sarafu ndani ya kasha la plastiki. Makampuni hayo hupokea pia sarafu za nchi nyingine, zikiwemo za Tabora.

Mfano wa nguvu ya mizani hiyo ni senti ya mwaka 1793 yenye picha ya mnyororo. Sarafu moja ya aina hiyo, iliyohifadhika vizuri sana, iliuzwa mnadani Marekani mwezi Januari 2012 kwa dola milioni 1.38. Nyingine za aina hiyo hiyo zilizochakaa huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya kiasi hicho.

Minada ya Ujerumani, ambako sarafu za makoloni yake zina wanunuzi wengi, hutumia maneno badala ya namba. Daraja la kati huandikwa ss, maana yake "nzuri sana"; la juu yake ni vz, maana yake "bora"; na la juu kabisa ni st, yaani sarafu yenye mng'ao iliotoka nao kwenye muhuri. Msomaji wa katalogi asidanganywe na maneno hayo: sarafu inayoitwa "nzuri sana" imechakaa waziwazi.

Madaraja kwa ufupi

Kwa hela 20 ya Tabora, madaraja yanaweza kuelezwa hivi:

G-4: Taji linaonekana kama kivuli. Namba 20 inasomeka, lakini sehemu za maandishi zimeungana na ukingo.
VG-8: Maandishi yote yanasomeka. Ndani ya taji hakuna mistari.
F-12: Mistari mikubwa ya taji inaonekana. Majani yanatofautiana na matawi yake.
VF-20 hadi VF-30: Sehemu kubwa ya mapambo ipo. Ni sehemu zilizoinuka zaidi tu zilizolainika.
EF-40 hadi EF-45: Uchakavu ni mdogo na uko kwenye ncha tu.
AU-50 hadi AU-58: Dalili za kutumika ni chache. Mng'ao wa asili umebaki kwenye mabonde ya herufi.
MS-60 hadi MS-70: Sarafu haikutumika kabisa.

Kwa sarafu za shaba zisizotumika huongezwa herufi za rangi: RD kwa nyekundu ya asili, RB kwa nyekundu iliyochanganyika na kahawia, na BN kwa kahawia. Shaba hubadilika rangi taratibu hewani, na mabadiliko hayo hayahesabiwi kuwa uharibifu.

Karakana, mfuko na mkono

Ugumu wa kupanga sarafu za Tabora unatokana na kwamba nyingi zilitoka kiwandani zikiwa na kasoro. Mpimaji aliyezoea sarafu za Berlin anaweza kuiona sarafu mpya ya Tabora akadhani imechakaa. Inafaa kujiuliza maswali matatu: nini kilitokea katika karakana, nini kilitokea katika mfuko wa mtumiaji, na nini kilitokea baadaye katika ardhi au katika mkono wa msafishaji?

Karakana. Kasoro za kutengenezwa ni pamoja na picha kukosa katikati, kisahani chenye nyufa au unene usiolingana, na mgongo hafifu. Mgongo hafifu hutokea pale nguvu ya mashine isipotosha kulijaza umbo la muhuri. Unafanana na uchakavu, lakini una dalili zake. Uchakavu huanza kwenye sehemu zilizoinuka zaidi na huziacha zikiwa laini na zenye rangi tofauti. Mgongo hafifu huacha uso wa awali wa kisahani, mara nyingi ukiwa na ukwaruzo, na sehemu inayokabiliana nayo upande wa pili huwa hafifu pia. Vilevile ufa wa muhuri huonekana kama mstari ulioinuka, kwa sababu madini yaliingia katika ufa huo. Mkwaruzo huonekana kama mfereji uliozama. Kasoro za karakana hazishushi daraja kama uchakavu unavyoshusha, ingawa zikizidi hupunguza wanunuzi.

Mfuko. Uchakavu wa kawaida ndio unaopimwa na mizani. Hela 20 ilipita mikononi mwa askari, wapagazi, wauza nafaka na wenye maduka. Sarafu iliyochakaa kwa njia hii, yenye rangi moja ya kahawia na isiyo na kutu, huheshimiwa hata ikiwa na daraja la chini.

Ardhi na mkono. Hapa ndipo thamani kubwa hupotea. Chumvi ya udongo na ya jasho huila shaba na kuacha mashimo. Kutu ya kijani iliyo ngumu na iliyotulia si hatari sana, lakini unga wa kijani kibichi unaochomoza upya baada ya kufutwa ni dalili ya kloridi ndani ya madini. Uharibifu huo huendelea kila sarafu inapopata unyevu. Matundu ya kuning'iniza shingoni na alama za nyundo huhesabiwa pia kuwa uharibifu.

Athari ya kusafisha

Aliyeokota sarafu yenye weusi mara nyingi huisugua kwa mchanga, majivu, ndimu, ukwaju au dawa ya kung'arishia shaba, akitumaini kwamba mnunuzi atavutiwa. Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya sarafu za zamani mng'ao wa namna hiyo ndio unaojitembeza. Mnunuzi mzoefu huuona mara moja na kupunguza bei.

Sababu ni kwamba rangi ya kahawia ni tabaka jembamba la uso wa sarafu yenyewe. Kusugua huliondoa tabaka hilo na kuacha mistari midogo mingi inayoonekana kwenye mwanga wa pembeni. Asidi ya ndimu huyeyusha sehemu ya juu ya madini na kuacha rangi ya waridi isiyo ya asili. Uso uliopotea haurudi, hata sarafu ikiachwa miaka mingi iwe na weusi tena.

Kwa hela 20 kuna tatizo la ziada. Shaba njano ikiwekwa katika asidi hupoteza zinki kwenye uso wake, na shaba inayobaki huonekana nyekundu. Udongo wenye chumvi unaweza kuleta matokeo hayo pia. Kwa hiyo hela 20 ya shaba njano inaweza kudhaniwa kuwa ya shaba nyekundu, na ikauzwa kwa jina lisilo lake. Uzito peke yake hauamui, kwa sababu visahani vya Tabora vilipishana unene, na msongamano wa madini hayo mawili unakaribiana. Njia ya uhakika ni kipimo cha miali ya eksirei, ambacho hutambua zinki bila kuikwaruza sarafu.

Sarafu iliyosafishwa au kuharibiwa hutendewa kwa namna mbili. Makampuni ya makasha huandika kiwango cha mapambo yaliyobaki na kutaja kasoro, bila kutoa namba kamili ya daraja. Wakusanyaji wa senti za zamani za Marekani hutumia makato: kwanza hupima mapambo, kisha hushusha namba kulingana na uzito wa kasoro. Namba inayobaki ndiyo inayoongoza bei.

Mfano wa kupima

Tuchukue hela 20 tatu za kubuni.

Sarafu ya kwanza ni ya shaba njano. Katikati ya taji ni hafifu, lakini majani ni makali, maandishi yamesimama, na mabonde ya herufi yana mng'ao kidogo. Sehemu hafifu ina ukwaruzo wa kisahani, na sehemu inayoikabili nyuma ni hafifu pia. Huu ni mgongo hafifu, si uchakavu. Sarafu inastahili EF-40 au zaidi.

Sarafu ya pili ni ya shaba nyekundu. Mapambo yake yanafikia VF-30, lakini upande mmoja una mashimo ya kutu. Kwa njia ya makato inaweza kushuka hadi F-12. Ikiwa ina muungano adimu wa taji na herufi L, bado itapata wanunuzi, kwa sababu wanaotafuta aina zote hawawezi kusubiri iliyo safi.

Sarafu ya tatu inang'aa kama kifungo kipya. Mapambo yake ni ya VF-20, na chini ya mwanga wa pembeni uso wote una mistari ya kusuguliwa. Mwenye nayo huidhani kuwa bora kuliko zote. Mnadani inaweza kupata bei ndogo kuliko sarafu ya F-12 yenye kahawia yake ya asili.

Bei inavyopatikana mnadani

Katika mnada wa sarafu, mwenye mali huikabidhi kwa nyumba ya mnada, ambayo huipiga picha, huiandikia maelezo na kuipa makadirio ya bei. Maelezo hutaja namba ya aina katika katalogi. Kwa sarafu za Kijerumani hutumiwa namba za Jaeger, na kwa sarafu za dunia namba zinazoanza na KM. Mwenye mali anaweza kuweka bei ya chini ambayo haitauzwa chini yake.

Bei inayotangazwa mwishoni huitwa bei ya nyundo, lakini si kiasi anachotoa mnunuzi wala anachopata muuzaji. Tuseme nyundo imegonga kwenye dola 200, ada ya mnunuzi ni asilimia 20 na ya muuzaji ni asilimia 10. Mnunuzi atalipa dola 240, muuzaji atapokea dola 180, na dola 60 zitabaki kwa mnada. Gharama za usafirishaji, bima, kodi na kasha huja juu ya hapo. Kwa sarafu ya bei ndogo gharama hizo zinaweza kuimeza faida yote.

Kwa ujumla hela 20 ya kawaida iliyochakaa huuzwa kwa dola chache au makumi ya dola. Safi sana, au yenye muungano adimu, hufikia mamia. Rupia 15 ya dhahabu ina sakafu ya bei, yaani thamani ya gramu 5.376 za dhahabu safi, lakini kwa sababu ya uchache wake na picha ya tembo huuzwa juu zaidi ya hapo, kwa kawaida maelfu ya dola. Anayeiuza kwa sonara kwa uzito wake hupoteza sehemu kubwa ya thamani.

Njia bora ya kukadiria ni kutazama matokeo ya minada iliyopita, si bei zinazoombwa na wauzaji. Linganisha sarafu ya aina ile ile, madini yale yale na daraja lile lile, na uangalie kama bei iliyoandikwa imejumlisha ada ya mnunuzi. Matokeo mengi ya nyumba kubwa, kama Künker ya Ujerumani na Heritage ya Marekani, yanapatikana kwenye intaneti pamoja na picha.

Sarafu bandia

Rupia 15 imenakiliwa mara nyingi. Nakala za kumiminwa huwa na vishimo vidogo vya hewa, herufi zilizolainika na wakati mwingine mstari wa kiungo kwenye ukingo. Uzito na kipenyo vikipishana na vipimo vilivyotajwa juu, sarafu ishukiwe. Sarafu halisi zilizowahi kuwa kidani huwa na mabaki ya kuchomelea kwenye ukingo, na daraja lake hushuka. Hela 20 hazinakiliwi sana kwa sababu ya bei yake, lakini zile za muungano adimu zinahitaji uangalifu.

Utunzaji na sheria

Anayepata sarafu ya Tabora asiisugue. Udongo uliolegea unaweza kuondolewa kwa kuiloweka katika maji yaliyochujwa na kuikausha kwa kuigusisha kitambaa laini bila kusugua. Ishikwe kwenye ukingo, isiguswe usoni. Ihifadhiwe mahali pakavu katika bahasha ya karatasi. Mifuko laini ya plastiki ya PVC haifai, kwa sababu hutoa ute wa kijani unaoila shaba. Picha za pande zote mbili, uzito, kipenyo na maelezo ya mahali ilipopatikana viandikwe mapema, kwa kuwa historia ya sarafu huongeza imani ya mnunuzi na faida kwa watafiti.

Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa baadaye. Sheria hiyo inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na inampa waziri uwezo wa kutangaza vitu vingine kuwa vya kulindwa. Sarafu za Kilwa ziko ndani ya ulinzi huo kwa umri wake. Sarafu za mwaka 1916 ni za baadaye, lakini kuchimba katika eneo la kihistoria bila kibali hakuruhusiwi, na mtu anayetaka kupeleka sarafu nje ya nchi anapaswa kuuliza kwanza mamlaka ya mambo ya kale.

Umuhimu

Sarafu za Tabora ni miongoni mwa vitu vichache vya vita ile vilivyotengenezwa katika ardhi ya Tanzania na kupita mikononi mwa wananchi wa kawaida. Maganda ya makombora yaligeuzwa kuwa malipo ya mpagazi, na dhahabu ya Sekenke ikawa sarafu ndani ya karakana ya reli. Taji lililokosa katikati na herufi L zilizojikunja ni ushahidi wa kazi ya haraka ya mafundi waliokuwa wamezingirwa. Ushahidi huo uko katika tabaka jembamba la juu, na tabaka hilo ndilo linalopimwa na mizani ya madaraja na kulipiwa mnadani.